Chuo Kinachokubali Mara ya Kwanza

Glendale, 16 Oktoba 2011

Babu Iraj mpendwa,

Nakubusu mkono. Mama anakusalimu, baba anakusalimu, na wale majirani wa chini wanaokuita Profesa wanauliza kila wiki utakuja lini. Mkomamanga uliotupandia uani umezaa mwaka huu, matunda madogo lakini mekundu mpaka ndani. Mama amekuwekea machache kwenye jokofu. Nadhani yatakaukia humo, maana hukuja mwaka jana wala mwaka juzi.

Mama ndiye aliyesema nikuandikie, tena kwa mkono na kwa Kifarsi. Anasema kwenye simu wewe husikii vizuri, na mimi Kifarsi siandiki vizuri, basi kila mmoja atapata dawa yake. Ukiona makosa yasahihishe kwa kalamu nyekundu unirudishie karatasi, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa na miaka tisa. Wakati ule nilichukia sana. Sasa nayatamani masahihisho hayo.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi ujao tunapeleka maombi ya vyuo vikuu vya jimbo. Fomu ni moja kwa vyuo vyote tisa, maana vyote ni Chuo Kikuu cha California. Unatia alama kwenye miji unayoitaka, na kila mji unakujibu kivyake. Mama ameshavipanga. Juu kabisa ameweka Berkeley na Los Angeles, chini yao San Diego, halafu akapiga mstari, na chini ya mstari hataki kusikia. Nikamwuliza, "Riverside je?" Akasema, "Riverside weka kama mwavuli, huenda mvua ikanyesha." Nikamwuliza, "Na Merced?" Akacheka. "Merced ni pa kwenda kumsalimu babu yako."

Mimi nataka kusoma uhandisi wa maji. Wewe unajua ni kosa la nani. Si mimi niliyeanza kumsimulia mtoto habari za mifereji inayopita chini ya jangwa. Lakini wageni wa mama wananiita Daktari tangu nina miaka sita, na daktari wa mifereji hawamjui.

Ulifundisha chuo kikuu. Niambie basi: ngazi hii ya mama ni ya kweli?

Golnar wako


Merced, 2 Novemba 2011 (kwa kalenda ya kwetu, 11 Aban)

Golnar, roho ya babu,

Barua yako ilinifurahisha kabla sijaifungua, kwa sababu ya uzito wake. Nakurudishia karatasi yako. Wino mwekundu si mwingi. Unaandika vizuri kuliko mama yako alipokuwa na umri wako, ila usimwambie.

Mimi ni mzima, ukiacha vile vitu vidogo ambavyo umri huu hauvikosi. Mavuno ya lozi yamekwisha na vumbi limetulia. Gari nimeliuza. Lilikuwa limezeeka. Siku hizi Bi Eulalia, jirani yangu wa upande wa kulia, ananipeleka maktaba ya chuo kila Jumanne, maana binti yake Yesenia anasoma pale na yeye anampelekea chakula, kana kwamba chuo kikuu ni gereza.

Sasa swali lako. Ngazi ya mama yako ni ya kweli kwa maana ya kwamba watu wanaipanda. Nisikudanganye, hata mimi niliipanda yangu. Enzi zetu kuingia Chuo Kikuu cha Tehran kulikuwa kupita kwenye tundu la sindano, na majina ya waliopita yalichapwa gazetini. Baba yangu alilinunua gazeti lile, akalikunja, akalitia mfuko wa ndani wa koti lake. Alilivaa koti hilo hata kiangazi.

Miaka mingi baadaye niliketi mbele ya karani mmoja mjini Los Angeles, shahada yangu mezani. Alikuwa mtu mpole. Akauliza, "Hiki ni chuo cha serikali au cha watu binafsi?" Nikasema cha serikali. Akauliza, "Serikali ipi?" Ile iliyoniingiza ilikuwa imeanguka, na iliyofuata ndiyo iliyonitoa. Nikaja huku bondeni kuchora mifereji kwa watu wa umwagiliaji, na nilichora mpaka nikastaafu.

Kwa hiyo jina la chuo ni mali, Golnar. Lakini ni mali isiyohamishika, kama shamba. Ukilazimika kukimbia, hulibebi.

Tia alama unapotaka. Na kama utapenda kukijua hiki cha huku kwa macho yako, nyumba hii ina chumba kitupu. Nyumba ni yako.

Babu yako, Iraj


Glendale, 24 Novemba 2011

Babu mpendwa,

Nakubusu mkono. Leo ni Sikukuu ya Shukrani, kila mtu hapa nchini anakula bata mzinga. Mama amempika wa kwetu kwa zafarani na zereshki, zile beri chachu nyekundu, na amelalamika kuanzia asubuhi kwamba nyama yake ni kavu. Mahali pako palikuwa patupu. Baba amepata zamu za kazi za karibu, kwa hiyo siku hizi analala nyumbani.

Maombi nimeshayatuma. Berkeley, Los Angeles, San Diego, Riverside. Mama alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza. Alipokwenda kuitazama sufuria nikatia alama ya tano, Merced, nikabonyeza. Yeye hajui. Wewe tu unajua.

Nimeyasoma masahihisho yako yote, na habari ya yule karani nimeisoma zaidi ya mara moja. Mama hakuwahi kunisimulia. Husema tu, "Babu yako alikuwa Profesa," halafu hubadilisha mazungumzo.

Asante kwa kunikaribisha. Mkono wako usiume kwa kuandika maneno hayo. Lakini siwezi kukusumbua. Wewe umezoea utulivu wako na vitabu vyako, na mimi naacha vikombe kila mahali.

Golnar


Merced, 23 Desemba 2011

Golnar, roho ya babu,

Usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, ule tunaousherehekea kwetu, umepita salama. Nilikata tikiti maji na komamanga kama inavyotakiwa, na kwa kuwa huwezi kula tikiti peke yako nikamwita Eulalia. Nikamkaribisha kipande. Akakichukua pale pale, akala, akaomba kingine. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni hukataa kwanza.

"Na akikataa?"

"Mwenye nyumba humkaribisha tena."

"Akikataa tena?"

"Hukaribishwa mara ya tatu. Ya tatu ndiyo ya kweli. Hapo mgeni hukubali, au mwenye nyumba hujua kwamba kweli hataki."

Akafuta mikono. "Profesa, ninyi mtakufa njaa kwa heshima."

Nacheka kidogo kila nikikumbuka.

Ulipouliza habari ya ngazi nilikujibu nusu. Nusu ya pili ni hii. Usimsikilize anayekwambia vyuo vyote tisa ni sawa kwa sababu jimbo ni moja na shahada ni moja. Si sawa. Berkeley ina maktaba ambayo mtu anaweza kuingia kijana akatoka mzee. Los Angeles ina hospitali zake na maabara zake. Mtoto mwerevu akikaa katikati ya werevu wenzake hunolewa bila kujua. Hayo ni kweli, na mama yako si mjinga.

Lakini ukimwuliza mtu kwa nini Berkeley ni bora kuliko Riverside, hatakutajia maktaba. Atakwambia, "Berkeley ni vigumu kuingia." Chuo kinasifiwa kwa wale ambao hakikuwafundisha. Mwakani kikikataa wengi zaidi kitahesabiwa kimepanda, ingawa walimu ni walewale na vitabu ni vilevile; na kwa kuwa kimepanda, wataomba wengi zaidi, nacho kitapata wengi zaidi wa kuwakataa. Sisi Wairani tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wote. Kwetu pia anayekataa ndiye mwenye heshima, na anayekubali upesi huonekana ana njaa. Hiki cha Merced ni kama Eulalia mbele ya tikiti langu. Kilipofunguliwa kilisema karibuni, na kilimaanisha karibuni. Kosa lake ni hilo tu.

Kina miaka sita. Nilikwenda siku za mwanzo: wanafunzi upande mmoja wa uzio, ng'ombe upande wa pili, na ng'ombe ndio walioonekana wenyeji. Hakina sifa mbaya wala nzuri. Sifa bado haijafika. Hata Los Angeles kilipoanza, watu wa Berkeley walikiita tawi la kusini, na wenye mzaha wakasema kijitawi. Riverside kilianza kama kituo cha kuchunguza michungwa. Siku barua ya Yesenia ya kukubaliwa ilipofika kwa Eulalia walifunga mtaa, wakaleta wapiga tarumbeta, na mimi nikala tamale, vile vitumbua vyao vya mahindi, mpaka daktari akanigombeza. Chuo ni kilekile ambacho mama yako anakicheka. Mlango mmoja wameingia wawili, mmoja ameinua kichwa, mwingine ameinamisha.

Chumba nilichokwambia kinatazama mashariki. Kuna meza pana, niliyochorea ramani zangu za mifereji ya jangwa la Yazd. Vikombe unaweza kuviacha popote. Nasema tena, nyumba ni yako.

Iraj


Glendale, 27 Machi 2012

Babu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya wa kwetu, nakubusu mkono na macho. Ngano tuliyootesha kwa ajili ya meza ya mwaka mpya iliota upande mmoja tu. Samaki wa dhahabu bado hai. Baba ameacha sigara kwa siku tisa sasa, na sote tunatamani aanze tena. Kukaa kimya miezi mitatu ni kosa langu, sina udhuru. Kila nilipotaka kuandika niliona nikuandikie nikiwa na jibu.

Majibu yamekuja. Merced walisema ndiyo, na ndio waliotangulia. Riverside wamesema ndiyo. Los Angeles hapana. Berkeley hapana. San Diego wameniweka kwenye orodha ya kungoja, na huko ndiko mama anakoishi siku hizi.

Nikusimulie siku ya tatu ya mwaka mpya. Bi Shahla alikuja, yule ambaye mwanawe yuko Los Angeles. Akala pistachio, akanitazama.

"Haya, Daktari wetu ameingia wapi?"

Mama akasema, "Tunangoja San Diego."

"Unangoja? Kwani hawajamchukua?"

"Wanamfikiria."

"Mwanangu hawakumfikiria, walimchukua tu. Na Riverside?"

"Riverside wamemchukua zamani."

"Merced je? Si ndiko aliko Profesa? Angekaa naye."

Mama akacheka kile kicheko chake cha wageni. "Shahla, kipenzi, Merced wanamchukua hata aliyeingia kuuliza njia."

Nilikuwa nimeshika sinia. Barua ya Merced ilikuwa chini ya godoro langu, Babu. Nilimimina chai, nikakaribisha, wakakataa, nikakaribisha tena. Usiku nilimwambia mama. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani kwangu akauliza, "Uliomba kwa siri?" Kisha akasema, "Tulitoka kule na masanduku mawili. Nilitaka kitu kimoja ambacho sitahitaji kumweleza mtu." Tangu siku hiyo hatujalizungumza.

Siku ya mwisho ya kuchagua ni mosi Mei.

Ulinikaribisha tena katika barua yako ya Desemba. Mkono wako usiume. Sitaki kuwa mzigo kwako.

Jambo jingine. Karatasi yangu ya Novemba umeirudisha safi, haina hata alama moja nyekundu. Mle niliandika neno moja vibaya kwa makusudi, nione kama utalikamata. Limepita. Na herufi zako zimekuwa kubwa, mistari inashuka kuelekea kona. U mzima kweli?

Golnar


Merced, 12 Aprili 2012

Golnar mpendwa,

Heri ya mwaka mpya nawe, na kwa mama na baba. Siku ya kumi na tatu ya mwaka nilikwenda kukaa kando ya mfereji kama desturi. Maji yameshafunguliwa. Eulalia alileta kuku.

Makosa yako siku hizi ni madogo, sikuona haja ya kuyatia wino. Herufi ni kubwa kwa sababu ya kalamu mpya. Nimechelewa kujibu kwa uvivu.

Mwambie mama yako kwamba yule aliyeingia Merced kuuliza njia ni mimi, na mimi hawakunichukua. Walinielekeza maktaba tu.

Nimefikiri kama mwalimu, si kama babu, na ushauri wangu ni huu: nenda Riverside. Usikae ukiingoja San Diego. Anayengoja kwenye orodha ile huishi kama abiria aliyeketi juu ya sanduku lake. Riverside kina umri, kina walimu wazuri wa maji na udongo, na jina lake halihitaji utetezi. Ukienda huko wageni wa mama yako watauliza mara moja tu, kisha watakunywa chai. Ukija Merced watauliza miaka yote, na atakayejibu si wewe, ni yeye.

Kile chumba ulikikataa, nikakutajia tena, ukakikataa tena. Umezaliwa huku. Hapana yenu ni hapana, si ya mezani kama yetu, nami nimeiheshimu. Nimehamishia humo masanduku ya ramani.

Nakutakia kila la heri.

Iraj


Glendale, 25 Aprili 2012

Babu,

Wote wazima, wote wanakusalimu.

Mimi nimezaliwa huku, lakini nani kanilea? Mama alinifundisha kukataa kabla sijajua kufunga viatu. Nyumba ya watu ukikaribishwa, kataa. Wakikukaribisha tena, kataa tena. Ya tatu ndiyo ya kweli. Wewe mwenyewe uliniandikia hivyo, mbele ya tikiti lako.

Nimekataa mara mbili. Nilikuwa naingoja ya tatu. Nilifungua barua yako ya Aprili nikiwa nimesimama palepale kwenye sanduku la posta, nikaisoma mpaka mwisho, na haimo.

Sijui kama umeiacha kwa sababu hunitaki au kwa sababu unanionea huruma. Riverside ni chuo kizuri, yote uliyoyasema nimeyaelewa. Lakini nataka kusoma maji kwenye ile meza, na nataka uwepo ninapokosea. Kama hunitaki, sema hapana moja tu, nitaiamini.

Nisingeweza kusema haya kwa simu. Ningelazimika kupiga kelele, na mama yuko chumba cha pili. Nitangoja barua yako mpaka Jumatatu. Jumanne mama atakaa kando yangu, nasi tutachagua.

Golnar


Merced, 3 Juni 2012

Golnar, roho ya babu,

Mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni Zalmai, kijana wa Herat, Afghanistan, ambako nako wanasema Kifarsi, anayesomea uhandisi kwenye chuo chetu. Nimemwomba aandike kila neno ninalolitamka hata kama ataona haya, naye amekubali.

Kwanza salamu kwako, na kwa mama, na kwa baba, ambaye natumaini ameshinda sigara au ameshindwa kwa amani.

Macho yangu yameisha katikati. Pembeni bado naona: ukuta, mti, mtu anayepita. Lakini chochote ninachokitazama moja kwa moja kina doa la moshi juu yake, na maneno ni vitu ambavyo lazima uvitazame moja kwa moja. Yalianza kiangazi kilichopita. Gari halikuwa limezeeka. Barua yako ya Novemba niliisoma kwa kioo cha kukuzia, neno moja kwa wakati. Ya Machi ilinichukua zaidi ya wiki, na sina hakika niliisoma yote. Ile ya Aprili ilifika Jumamosi. Niliishika karibu na dirisha. Niliona kuna mistari, na kwamba ni michache. Nikasema, huyu amenishukuru kwa ushauri, ni mtoto mwenye adabu. Nikaiweka mezani.

Ningeweza kumpa nani aisome? Eulalia alijitolea. Nikamwonyesha maandishi. Akasema, "Hii inaanzia upande gani?" Kumpigia mama yako ningelazimika kumweleza kwa nini sisomi, na yeye angekuja na masanduku na kunihamisha. Basi nikaiacha. Mwanzoni mwa Mei alinipigia mwenyewe, akapaza sauti mpaka nikasikia: Riverside, na San Diego bado tunaingoja. Nikasema hongera. Barua yako ilikuwa chini ya kiganja changu nilipokuwa nikisema.

Jumanne iliyopita Eulalia aliikuta bado mezani. Alinigombeza. "Mtoto amekuandikia, na wewe umeifanya kitambaa cha meza. Hapo chuoni hakuna hata mmoja anayesoma hii minyoo yenu?" Nikamwambia chuo ni kipya, Wairani hawajakigundua. Akaichukua barua, akaingia maktaba, akaiinua juu mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti nani anaweza kuisoma. Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana mmoja akasimama mwisho wa chumba.

Nimeisikia barua yako kwa sauti ya mtu nisiyemjua, kwa lafudhi ya Herat, ambayo bado inatamka maneno kama babu zetu walivyoyatamka. Alipofika pale uliposema ulikuwa unaingoja ya tatu, alisimama, akaniuliza kama nataka aendelee.

Golnar, sikuiacha ya tatu kwa sababu sikutaki. Niliogopa utakuja kumsomea kipofu ukaacha kujisomea mwenyewe, na kwamba siku moja mtu atakuuliza kwa nini ulichagua chuo kile, na jibu litakuwa mimi. Kwa hiyo nilivaa koti la mwalimu nikakushauri. Ushauri ulikuwa sahihi. Aliyeutoa ndiye hakuwa mkweli.

Sasa najua siku imepita. Nenda Riverside, soma, usimlaumu mama yako hata kidogo. Amebeba mengi kuliko masanduku yale mawili. Lakini deni la adabu silitaki. Nyumba ni yako. Hiyo ni ya tatu.

Babu yako


Glendale, 14 Juni 2012

Babu,

Herufi hizi ni kubwa kama kidole changu.
Zitazame kwa pembeni. Usipoziona, mpe Zalmai.

Karatasi haitoshi salamu. Wote wazima.

Nilipiga simu chuo cha Merced.
Nilikuwa nimeandika maneno ya kubembeleza.
Mama wa ofisini aliuliza jina langu,
akatafuta, akasema,
"Nafasi ipo. Unakuja?"
Sikuyatumia maneno yangu.

Riverside nimewaandikia na kuwashukuru.

Mama alilia siku mbili.
Jana amenunua shuka za kitanda chembamba
na taa kubwa ya mezani.
Taa si yangu, anasema.
Bi Shahla akimwuliza atamjibu,
"Chuo Kikuu cha California,"
kisha atamletea chai.

Masanduku ya ramani yatoe chumbani.
Usiyapeleke mbali, tutayafungua.

Nitafika Agosti.
Ukifungua mlango na kusema karibu,
nitaingia.

Golnar